Bitana Yenye Meno

Kama ndiyo kwanza unafungua ukurasa huu, karibu, vuta kiti. Aibu zangu zinatosha wote.

Nikufupishie. Mimi ni fundi wa nguo za kike. Shuleni waliniita Opena, kwa sababu jino langu moja la juu liliota likiwa limeyatangulia mengine, nami nikawa nalitumia kufungulia chupa za soda za darasa zima. Jino lenyewe nililipa cheo: Mwenyekiti. Lilikaa mbele ya wenzake, halikutafuna chochote, na kila picha lilitaka kuonekana.

Kisha nikapata mchumba, fundi wa friji, mtu mpole anayeitwa Baridi. Mama yake ni mwalimu mkuu mstaafu. Kila mtu, hata wanawe, humwita Mwalimu. Huyu alikagua meno na kucha za watoto wa watu kila Jumatatu mpaka alipostaafu, na tabia haistaafu. Siku ya kwanza aliponiona nikikata uzi kwa meno, alimwambia mwanawe: "Mikono ya binti ni mizuri. Lakini meno yale nitakuja kuyakagua tena kwa wajukuu zangu."

Maneno ya mkwe hayahitaji nauli. Yalinifikia jioni ile ile.

Nikaenda kwa daktari wa meno kwa siri. Akanipa vifuniko vya plastiki, vyembamba, vinavyopitisha mwanga kama glasi. Unavivika meno yako, havionekani, vinasukuma jino kidogo kidogo kama mtu anayekuomba usogee kwenye benchi. Unavivua ukila, unavirudisha ukimaliza, na baada ya muda unapewa jozi nyingine. Baridi hajui, alikuwa safarini akifunga vyumba vya baridi vya hospitali. Shangazi aliyenilea hajui. Ajuaye ni Mama Vifungo peke yake, jirani yangu anayeuza vifungo, zipu na nyuzi. Na akijua Mama Vifungo, ni Mungu tu aliyeamua wengine wasijue.

Juma lililopita nilikomea Mwalimu alipoleta kitambaa nimshonee gauni la kuvaa Jumapili, siku atakayokuja kwa Shangazi kutoa neno lake. Neno lenyewe ni moja kati ya mawili: ndiyo, au hapana. Na mwanawe hawezi kuoa wala kuhama nyumba bila neno la mama yake.

Sasa tuendelee. Nishikeni mkono.

Gauni lilikuwa mezani kibandani kwangu, limekwisha. Kilichobaki ni upenyo mdogo ubavuni, usawa wa nyonga, ule tunaouacha kati ya nguo na bitana, kile kitambaa laini cha ndani, ili tuweze kugeuza nguo, kisha tunaufunga kwa mkono. Nilikuwa natia uzi kwenye sindano.

Hodi haikupigwa. Mkoba uliingia kwanza, Mwalimu akafuata.

"Shikamoo, Mwalimu."

Salamu hiyo ilitoka vizuri, kwa sababu ina "sh" yake ya kuzaliwa. Tatizo ni maneno mengine. Nikivaa vifuniko, naongea kama mtu mwenye peremende chini ya ulimi.

"Marahaba. Gauni langu?"

"Shasha hivi linakwisha, Mwalimu."

Akanitazama. Nilijiona nipo mstarini, Jumatatu, na kucha chafu.

"Una nini mdomoni?"

Hapa ndipo mwenye akili angesema ukweli, au angekohoa. Mimi nikasema:

"Pini."

"Pini! Mdomoni! Binti, nimewahi kumpeleka mtoto hospitali kwa pini. Zitoe sasa hivi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nipe nikushikie."

Akanyoosha kiganja. Ndugu msomaji, sijui kama umewahi kuombwa meno yako na mama wa mchumba wako. Nikamgeuzia mgongo, nikavuta kifuniko cha juu, kikatoka na sauti ndogo ya kuniaga. Mfuko sikuwa nao. Kikasha chake kilikuwa upande wa pili, chini ya kiwiko cha Mwalimu. Mbele yangu kulikuwa na gauni, na kwenye gauni ule upenyo.

Nikakitumbukiza humo.

"Ziko wapi?"

"Nimezichomeka mahali salama."

"Vizuri." Akavuta kigoda, akaketi, akaweka mkoba mapajani. "Malizia. Nasubiri hapa hapa."

"Si ungekwenda tu, Mwalimu, nikakuletea..."

"Nimesema nasubiri."

Akashika upande mmoja wa gauni ili kitambaa kinyooke, macho yake kwenye sindano yangu. Kila nilipotaka kuingiza kidole nikivue kile kifuniko, naye aliinama zaidi. Basi nikashona. Nilishona nikijua ninachokishona. Nimeyafungia meno yangu ndani ya nguo ya mkwe wangu kwa mkono wangu mwenyewe, kwa mishono midogo, iliyolingana, imara.

"Mishono mizuri," alisema Mwalimu. "Hii haifumuki leo wala kesho."

"Ndicho ninachoogopa," nikasema moyoni.

"Acha nikupigie pasi, Mwalimu," nikasema kwa mdomo.

"Pasi ninayo." Akalikunja, akalitia mkobani, akaondoka.

Mama Vifungo alikuwa amesimama mlangoni na kadi ya vifungo mkononi, ameona yote.

"Shoga," akasema, "huyo mama ameondoka na tabasamu lako."

"Usicheke."

"Sicheki. Nakusaidia kulia kwa upande wangu." Kisha akacheka mpaka vifungo vikamwagika, nami ndiye niliyeviokota.

Nikampigia daktari.

"Daktari, nimepoteza kifuniko cha juu."

"Pole, dada. Umekipotezea wapi?"

"Kwa mama mkwe."

"Nyumbani kwake?"

"Ndani yake."

"Amekimeza?"

"Atakivaa. Jumapili."

Nilisikia akiweka simu mezani, akapumua, akairudia. "Dada, sitauliza. Vaa ile jozi ya kabla ya hii mpaka tutengeneze nyingine. Usikae bila kitu. Meno hayasahau kwao, ukiyaachia yanarudi."

Nikavaa ya zamani. Ilinibana kama viatu vya mwaka jana.

Kisha nikaivua ili maneno yanyooke, nikakusanya ujasiri, nikampigia Mwalimu. "Shikamoo, Mwalimu. Lile gauni, naona ubavuni sikuridhika. Nipitie nilichukue, nirekebishe kidogo tu."

"Wewe ulisema limekwisha."

"Limekwisha, ila..."

"Binti, nimeishi na mafundi. Fundi anayeiomba nguo aliyokwisha kuipeleka, kuna kipande amekata anataka kukirudisha. Umeiba kitambaa changu?"

"Hapana, Mwalimu! Badala yake nime..." Nikajiuma ulimi. Badala yake nimeongeza, ningesema nini?

"Gauni ni zuri, halina tatizo. Na nimeshalipiga pasi. Pasi ya moto, na maji."

Plastiki. Pasi ya moto. Nikakaa chini sakafuni kati ya vipande vya kitambaa. Mama Vifungo akauliza nina nini, nikamwambia, "Nasikia harufu ya meno yangu yakiungua." Akasema hilo ni jambo la kawaida kwa wanaotafuta wakwe.

Jumapili ikafika, haina hata aibu. Ile jozi ya zamani nikaiacha kikashani, ulimi usije ukanisaliti.

Shangazi alikuwa amefua mapazia, amefuta miguu ya viti, amepiga deki sebule kama mtu anayefuta ushahidi. Kwake usafi ni heshima, na heshima ndiyo mali pekee aliyonayo ya kunirithisha. Baridi alifika na mama yake, amenyoa, amependeza, anatabasamu tangu mlangoni. Nilimkaribisha kwa kucheka kwa pua. Tangu nianze mambo haya mimi hucheka kwa pua, kiganja mdomoni. Watu wanadhani ni haya.

"Fundi wangu," akaninong'oneza, "mbona umejificha? Nimesafiri njia yote nikisubiri kukuona ukicheka."

"Nitacheka tu," nikasema. "Siku haijaisha."

Mwalimu alikuwa ndani ya lile gauni. Nisijisifu, lakini lilimkaa. Lilimkaa kama wosia wa marehemu tajiri. Akasalimia, akaangalia mapazia, akaangalia dari, akapitisha kidole kwenye mkono wa kiti kutafuta vumbi. Halikuwepo. Shangazi akavimba kwa furaha.

Kisha Mwalimu akaketi.

"Aii!"

Akaruka. Shangazi naye akaruka, bila kujua kwa nini.

"Kuna nini, mwenzangu?"

"Nimeumwa."

"Na nini?"

Mwalimu akakiangalia kile kiti kwa macho ya mkaguzi. Alitikisa pindo la gauni, akahamia kiti kingine, akaketi polepole.

"Aii! Tena! Palepale!"

Na sasa akamgeukia Shangazi, kwa sauti ya upole, na upole wenyewe ndio uliokuwa kisu: "Mwenzangu, hivi viti... huwa mnavianika juani?"

Mnaelewa alichosema. Neno kunguni halikutamkwa, lakini liliingia, likavuka zulia, likaketi katikati yetu.

Uso wa Shangazi ulibadilika rangi. Mwanamke aliyenilea kwa sabuni na maji ya moto, anayefua mpaka kamba ya kuanikia. Akainua mto wa kiti, akaugeuza, akaupiga kwa kiganja, akatafuta mdudu asiyekuwepo nyumbani kwake tangu ijengwe.

Ningeweza kunyamaza. Nawaambieni ukweli, sehemu yangu moja ilitaka kunyamaza. Kunguni angelaumiwa, mimi ningeolewa.

"Shangazi, acha," nikasema. "Si kunguni. Ni mimi."

"Wewe umemuuma Mwalimu?" akauliza Baridi.

"Kosa ni la fundi. Nimesahau pini kwenye nguo."

Fundi kusahau pini kwenye nguo ya mteja ni kama daktari kusahau mkasi tumboni. Nilijivua ufundi wangu mbele ya watu, ili nyumba ya Shangazi ibaki na jina lake. Mwalimu akanigeukia.

"Pini," akasema. "Tena pini. Twende chumbani, uitoe."

Chumbani kwa Shangazi tulifunga mlango. Mwalimu akavua gauni, akajifunga kanga ya Shangazi, akanikabidhi. Nikapapasa ubavuni, chini ya nyonga. Hicho hapo. Kigumu, kimepinda, makali yametokeza kwa pasi.

"Fumua."

"Mkasi sina, Mwalimu."

"Fundi bila mkasi?"

"Umebaki kazini."

"Basi tumia meno. Siku ya kwanza nilikuona ukikata uzi kwa jino lile la mbele kama panya kwenye gunia."

Nikapeleka mshono mdomoni. Enzi zake Mwenyekiti angeukata uzi ule kabla hujapepesa macho. Nikauma. Uzi ukateleza. Nikauma upande mwingine. Ukateleza. Meno yangu yalikuwa yamesimama mstari mmoja, yameshikana mabega, mazuri ya kutazama, hayana faida yoyote. Niliuma gauni lile kama mbuzi anayeonja pazia.

"Hebu," akasema Mwalimu.

"Linakaribia, Mwalimu."

"Hebu fungua mdomo."

"Mwalimu..."

"Fungua. Sema aaa."

Ndugu zangu, mimi ni mtu mzima, nalipia pango la kibanda changu. Nikasimama wima, mikono pembeni, nikasema aaa.

Akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akayahesabu kwa macho. Akachomoa pini ya nywele kichwani kwake, akachukua gauni, akafumua mishono yangu mizuri mmoja baada ya mwingine, kwa subira ya mtu aliyesahihisha madaftari maisha yake yote. Kifuniko kikaanguka kitandani. Kimejikunja kama ganda la karanga, lakini safu ya meno ilikuwa ingali inaonekana.

Akakiokota. Akakiinua juani.

"Kwa hiyo nimekalia meno yako."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Tangu asubuhi nilidhani ni figo, na hapa nikadhani ni viti. Nimeshawaaga watu wawili."

Sikujua kama nicheke au nipige magoti. Nikafanya nusu ya kila kimoja.

"Nani alikutuma kuyanyoosha?"

"Wewe, Mwalimu."

"Mimi?"

"Ulisema utakuja kuyakagua kwa wajukuu."

"Nilisema nitayakagua. Kukagua ndiyo kazi yangu. Nilisema uyanyooshe?" Akaketi kitandani. "Na hao wajukuu, unadhani hii plastiki inarithiwa? Watakuja na meno yao vilevile, yamepandana kama abiria, na watu wataniuliza yametoka wapi, nami nitasema sijui."

Hilo, nakiri, sikuwa nimelifikiria. Nimebana mdomo wangu miezi yote, na tumbo langu halikuhudhuria kikao hata kimoja.

"Mwanangu hajui?"

"Hajui."

Akakigeuzageuza kile kifuniko mkononi. Sauti yake ikashuka.

"Nikwambie alichonijibu siku ile? Mtoto yule hajawahi kunijibu. Nikisema kaa, anakaa. Siku ile niliposema meno yako, alisimama. Akasema, mama, mimi nashinda na mashine zinazonguruma. Yule akicheka, lile jino hutangulia mlangoni kunipokea. Usinisemee lile jino." Akanitazama. "Nilikasirika wiki nzima. Halafu nikasema, haya, jino limenishinda, ngoja nipeleke kitambaa, nimjue mwenye jino."

Kiganja changu kilipanda chenyewe mpaka mdomoni.

"Kwa hiyo ulikuja leo kusema..."

"Nilichokuja kusema ninacho. Lakini mimi siwezi kutoa neno juu ya mtu ambaye mwanangu hajamwona. Kesho aseme mama yangu na mke wangu walinificha? Hapana." Akaniwekea kifuniko kiganjani, akaanza kuvaa gauni. "Nishikizie hapa. Tutoke."

"Mwalimu, tafadhali. Niache nimwambie mwenyewe, polepole, kwa simu..."

"Kwa simu! Binti, meno yako mdomoni, yeye sebuleni."

Tukatoka. Shangazi alikuwa amesimama palepale, amekumbatia mto wa kiti kama mtoto mchanga. Mwalimu alimwendea moja kwa moja, akautwaa ule mto, akaurudisha kitini, akaukalia kwa uzito wake wote.

"Mwenzangu, nyumba yako ni safi kuliko yangu. Niwie radhi. Kilichoniuma nimekuja nacho mwenyewe."

Shangazi akafumba macho, akayafumbua, akapumua. Hata kama yote mengine yataharibika, nikasema, hili limepona.

"Kabla sijatoa neno langu," akaendelea Mwalimu, "nina jambo moja. Nataka huyu binti amchekee mwanangu. Si kwa pua. Acheke."

Baridi akaangua kicheko. "Mama! Ni hilo tu? Hilo ndilo nililolifuata."

Akavuta kiti chake karibu na changu, magoti yakakaribia kugusana. Akainamisha kichwa kidogo, macho yake yakatua kwenye mdomo wangu, upande wa kushoto, pale ambapo Mwenyekiti alizoea kutokea kwanza. Alikuwa anatabasamu tayari, kama mtu aliyesikia hatua za anayemsubiri.

Mkono wangu ukapanda kuziba. Mwalimu akaunasa njiani, akaushusha, hakuuachia.

Mkono wa pili ulikuwa umefumbata kile kiplastiki kilichoungua. Kiliniuma kiganjani. Mara hii nilijua alichokuwa akikisikia mama wa watu tangu asubuhi.

Nikacheka.

Tabasamu la Baridi lilibaki usoni, lakini liliacha kusogea. Akanitazama kama anavyotazama friji inayonguruma vizuri ila ndani hakuna baridi. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akarudi kushoto.

Akakirudisha kiti chake nyuma, kidogo tu, upana wa kiganja.

"Fundi," akasema taratibu, mbele ya mama yake na Shangazi wangu. "Yule aliyekuwa ananipokea mlangoni yuko wapi?"